Neno "kifafa" limenifunga mdomo ndani ya ndoa yangu

Admin nifichie jina, maana huku Mbinga tunajuana hadi kwa kikohozi. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina binti mmoja. Kwetu ni ziwani, upande wa Chiwanda. Mume wangu ni mtu wa huku juu, tunalima kahawa.

Mimba ya huyo binti nilikwenda kujifungulia kwa mama. Presha ikapanda, nikaanguka na kutetemeka mwili mzima. Nilipozinduka nipo hospitali, mtoto alishazaliwa. Wauguzi wakasema ni kifafa cha mimba. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, wakwe zako waambie ulizidiwa na uchungu. Hilo neno usipande nalo mlimani." Nikatii, nikajua yameisha.

Kumbe wapi! Mwaka huu nikibeba ndoo ya kahawa moyo unakwenda mbio, pumzi inakata. Nikaenda hospitali. Daktari hakuanza kuniuliza nakula chumvi au mafuta kiasi gani, aliniuliza ujauzito wangu ulikuwaje. Nikamweleza. Akasema, "Mama, aliyepata kifafa cha mimba anabaki na hatari ya presha na ugonjwa wa moyo hata miaka mingi baadaye. Presha yako iko juu. Meza hizi kila siku, na usibebe mimba nyingine kabla hujaja tupange." Mimi nilidhani ugonjwa wa moyo ni wa wazee na wanene.

Dawa nikazificha kwenye debe la unga. Mume wangu akazikuta. "Kumbe ndiyo maana huzai! Unameza vidonge vya uzazi wa mpango?" Mama mkwe akadakia, "Nilisema mimi, hawa wa ziwani wana siri."

Ningesema nini? Hapa jirani yuko msichana mwenye kifafa, hata kikombe chake kimetengwa. Nikilitaja tu hilo neno kifafa, hilo la "mimba" hawatalisikia. Nitarudishwa kwetu, na binti yangu ataitwa wa ukoo wa kifafa mpaka akose wa kumuoa. Nikinyamaza, mimi ni mwongo ninayemnyima mume mtoto.

Dawa amezichukua mama mkwe. Anasema nitazipata nikishashika mimba. Sasa moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa, na ninaogopa, jamani, ninaogopa kweli.

Mnaojua, nisaidieni: huu ugonjwa hauna jina lingine, ambalo naweza kulitamka mbele ya mama mkwe?