Binti yangu haogopi kitu: tulimpeleka kwenye tiba ya tabia, wakampima na homoni

Wakuu, salaam kutoka Kahama. Haya yametokea ndani ya nyumba yangu na sijaongeza chumvi. Binti mwenyewe ni chumvi tosha.

Mimi nauza spea za pikipiki. Mwanangu wa kwanza anaitwa Minza, ana miaka saba. Kama una mtoto mtundu, tulia, hujamuona Minza.

Huyu alimng'ata mwalimu. Alifungulia mbuzi wa jirani akawasindikiza hadi lami. Shangazi yake alipotuletea samaki, sato wa kutoka Chato, alichagua yule mkubwa kuliko wote akampiga nao mtoto wa mpangaji.

Na haogopi. Hilo ndilo lilitutesa. Ukimfokea, anakutazama kama unasoma taarifa ya habari. Ukimchapa, anauliza, "Umemaliza?"

Mwalimu mkuu akatuita, akasema wazi kwamba muhula ujao tutafute shule nyingine.

Mama mkwe wangu, yuko Ushirombo, akasema mtoto ana mizimu ya ukoo (ukoo wangu, bila shaka). Apelekwe kwa mfumu, yaani mganga wa kienyeji, akachanjwe.

Mke wangu akalia. "Baba Minza, wakimchanja akanyamaza, nitajuaje kama amepona au ameogopa tu?"

Nikaanza kuulizia kwa watu.

Rafiki yangu mmoja mchimbaji akatuambia kuna dada, mtaalamu wa tabia za watoto, anapatikana kwenye kliniki fulani Geita. Tukapanda basi.

Yule dada akampa Minza vitu vya kuchezea, kisha akatugeukia sisi. "Darasa ni la kwenu wawili."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akatupa na vichupa, Minza awe anatemea mate asubuhi akiamka. Jamani, kutema mate kwa ruhusa ya wazazi! Hajawahi kutii amri kwa furaha namna ile.

Akatueleza kuna homoni inaitwa kotisoli. Mwili huitoa ili kukuamsha asubuhi, na huiongeza ukishtuka au ukiwa na hofu. Mimi kichwani nikasema kwa Minza lazima imejaa hadi inamwagika.

Majibu yakaja. Iko chini.

"Baadhi ya watoto wakorofi huwa hivi," akasema. "Kengele yao ya ndani inalia kwa sauti ndogo. Nyinyi mnapiga kelele, ndani yake kimya."

Tiba yenyewe sasa. Kila jioni nikae chini nicheze naye, yeye ndiye bosi. Nisimuulize maswali, nisimpe amri.

Bosi akaamua mimi ni ng'ombe.

Wakuu, mtu mzima na kitambi changu nikalishwa majani ya mhogo uani. Mteja akaingia kutafuta plagi, akanikuta nimepiga magoti. "Shikamoo mzee." Nikajibu, "Mooo." Bosi alikuwa hajaniruhusu kuongea.

Vilevile, akifanya jema asifiwe papo hapo. Vituko vidogo tuvipuuze. Akipiga mtu, anakaa kwenye kigoda pembeni kwa muda mfupi, bila fimbo wala kelele.

Mwanzoni mambo yalizidi kuwa mabaya. Pale kwenye kigoda alikuwa anaimba. Mama mkwe akipiga simu anasema, "Mnalichekea jini hilo."

Ila taratibu, vituko vikaanza kupungua. Shule wakatuongezea muda.

Miezi ikapita, tukapeleka tena mate. Kotisoli ya asubuhi imepanda!

Nikashika kichwa. "Dada, tumemharibu mtoto?"

Hapo ndipo alipocheka. "Imepanda kufika walipo wenzake."

Akanionya nisitangaze mtaani kwamba tiba ndiyo imeipandisha. Huenda ni hivyo, huenda amekua, huenda analala vizuri. Mtoto mmoja si ushahidi, na watafiti bado wanachunguza. Nami nawaambia hivyo hivyo.

Sasa nisikilizeni. Mwezi uliopita niko dukani, Minza akaingia mwenyewe, hakutumwa na mtu. Anatetemeka.

"Baba, nimemsukuma Rehema. Ameanguka. Anatoka damu mdomoni."

Machozi yakamtoka. Wakuu, huyu ni mtoto ambaye alikuwa hatikisiki kwa lolote.

Nikampakata, nikaweka mkono kifuani pake. Moyo ulikuwa unakimbia. Rehema wa watu, mtoto wa jirani, ameumia, na mimi nimekaa pale nataka kucheka na kulia kwa pamoja.

Tukafunga duka, tukaenda wote kwa kina Rehema. Jino la utoto lilikuwa limetoka, basi. Minza akaomba radhi kwa sauti ndogo sana, amenishika kidole hadi kikafa ganzi.

Nilichojifunza: nilidhani mwanangu ana kiburi, kumbe yawezekana mwili wake ulikuwa hausikii kelele zetu. Tulipopunguza sauti, akaanza kusikia.

Mwenye mtoto wa aina hii aseme hapa bila aibu. Na madaktari mliojificha humu, nirekebisheni nilipokosea, ila polepole, mimi ni mtu wa spea.