Nilivyotoa ufukwe wangu wa dagaa uwe bustani ya wananchi

Wakuu, za jioni. Hii siyo chai. Shahidi ninaye, ni mke wangu, na mpaka leo hajanisamehe.

Shule niliishia darasa la nne. Leo nina mitumbwi, nina injini, na ukiulizia dagaa safi Kamunyonge unaletwa kwangu. Hilo tuliache.

Mkoa uliitisha kikao hapa Musoma, kupanga sehemu za wananchi kupumzikia mkoa mzima. Watu wa Bunda wakataka viwanja vya mpira. Wa Butiama wakataka miti na sehemu ya ngoma, ila wakauliza kama ng'ombe wataruhusiwa kupita. Tulicheka!

Kwetu zikabaki fukwe mbili zilizopakana, katikati jiwe kubwa. Upande mmoja naanikaga dagaa mimi. Wa pili anaanikaga Magesa, mpinzani wangu tangu ujana. Mmoja lazima uwe bustani.

Afisa mipango, dada mmoja mpole, akabandika ramani ukutani.
"Wazee wangu, tuchukue upi?"

Nikawahi kusimama. Nani wa kunifundisha ufukwe ule? Nikagonga kushoto kwa jiwe.

"Hapa! Na mwenyewe asilete ubinafsi. Wananchi kwanza!"

Makofi. Magesa ndiye alipiga kuliko wote. Nikajiuliza, huyu anafurahia nini?

Mke wangu akanivuta koti. "Baba Nyangeta, hapo si kwetu?"

Wakuu, mimi ufukwe ule nimezoea kuuona nikitokea ziwani na mtumbwi. Ukitokea majini, Magesa yuko kushoto. Wao kwenye ramani ziwa wameliweka juu, kama mtu amesimama nchi kavu!

Dada akauliza, "Mzee, una uhakika?"

Ukumbi mzima unanitazama. Magesa anatabasamu. Ningesemaje?

"Mimi nikisema nimesema."

Sasa hivi dagaa wetu wanakauka kwa Magesa. Mke wangu ndiye alikwenda kumwomba, mimi nilikuwa "naumwa mgongo."

Ila jioni pale kwangu watoto wamejaa, na Musoma nzima wanapaita kwa jina langu. Magesa ana kitu kama hicho? Hana.

Funzo: ukiwekewa ramani, uliza kwanza ziwa liko wapi, ndiyo uongee.

Nyie mngefuta kauli mbele ya watu wote wale? Semeni ukweli, matusi nimeshayamaliza nyumbani.

Na Magesa, najua unasomaga humu. Kesho ukija kukaa bustanini, usipandishe tena miguu kwenye benchi langu.