Mazoezi ya Dada Tausi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulimmwagia dada Tausi maziwa usoni, naye akiwa mzima kama wewe na mimi.

Wakati huo nilikuwa kijana, ninatumia unga, yaani heroini, na maskani yetu ilikuwa nyuma ya soko la Mlandizi. Tausi naye aliwahi kutumia miaka mingi, akaacha, akasomea uelimishaji rika, kisha akarudi kutufundisha. Tulimpenda kwa sababu hakutuhubiria. Siku hiyo alitandika mkeka, akalala chali.

"Unga umenizidi," akasema. "Haya, niokoeni." Akafumba macho.

Basi tukafanya tulivyozoea. Mmoja alimmwagia maji, mwingine akamzaba kibao. Mimi nilikimbilia maziwa ya mgando, nikamnywesha kwa nguvu. Rafiki yangu Shaibu alishavaa viatu vyake, tayari kukimbia kabla askari hawajaja. Tausi akainuka anakohoa, maziwa yanamchuruzika mpaka kwenye kanga.

"Nilikufa kwa unga, mkaniua tena kwa maziwa," akasema. "Na yenyewe yamechacha."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakucheka. Alitulaza pale mkekani mmoja baada ya mwingine, akatuonyesha jinsi ya kumwamsha aliyezidiwa na kumpa pumzi, tukarudia na kurudia hadi jua likawa kali. Nilichoka, nikaona anatusumbua bure.

Baadaye Shaibu alikwenda kwa mama yake Masaki, ile ya mashambani, si ya matajiri. Akalima mihogo, akaacha unga msimu mzima, akarudi kwetu amenawiri. Siku hiyohiyo akatumia kipimo chake cha zamani, akiwa peke yake, na mwili ulishakisahau. Nilimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi. Mara akanyamaza.

Niliogopa sana, mwanangu. Ndoo ya maji ilikuwa pale pale karibu, lakini sikuigusa. Nilimwita jina, nikamsugua kifuani kwa vifundo vya ngumi. Kimya. Nikapiga kelele waite bodaboda, nikamwinua kidevu, nikambana pua, nikampulizia pumzi mdomoni, huku namsikia Tausi kichwani akinikaripia, "Kidevu juu, wewe." Nikapuliza tena na tena, mpaka Shaibu akahema. Nikamlaza ubavu asipaliwe na matapishi, nikakaa naye hadi tukampakia kwenda hospitali. Nililia njia nzima, kwa furaha.

Siku hizi Shaibu ananiletea mihogo kutoka Masaki, na hakosi lawama. Mbele ya wageni wangu husema, "Huyu aliniokoa, sawa, lakini alikuwa amekula dagaa." Namwambia angechagua mwokozi mwingine.

Kesho ni zamu yako kulala kwenye mkeka, uwafundishe wenzako. Wakikumwagia maji, usikasirike, waache wacheke kwanza. Kisha waambie asiyeweza kuacha leo asitumie peke yake, na aliyepumzika, awe alikuwa shamba au mahabusu, asirudie kipimo cha zamani. Mwenzao akizidiwa wasikimbie. Waite msaada, wampe pumzi, wakae naye. Warudie mpaka wakuchoke, kama mimi nilivyomchoka Tausi. Maziwa wanywe wenyewe, na mihogo.

Mungu akujalie pumzi ndefu, mwanangu, na siku pumzi itakapokupungukia, akukute mtu aliyefanya mazoezi.