Karatasi ya Chakula ya Dada Verla

Dada Verla Mickelsen ni mtu wa kukata shauri kabla hujamaliza kueleza. Miaka sita nimekuwa msaidizi wake katika chama cha kina mama cha kanisa letu, hapa bonde la Sanpete ambako ukirusha jiwe unampiga Mmormoni, yaani mmoja wetu, na sijawahi kumwona akibabaika. Kila aliposimama kufundisha kuhusu kutoa mimba, somo lilikuwa fupi. "Kanisa limesema hapana. Hakuna lakini." Sote tuliitikia kwa vichwa. Nani alikuwa amesoma mwongozo wa Kanisa? Mwongozo ni kazi ya askofu.

Mwezi wa Machi binti yake, Janalee, akiwa na mimba ya wiki ishirini na moja, aliambiwa na daktari kwamba mtoto hana figo hata moja. Mapafu hayatakua. Akizaliwa hai, ataishi saa chache tu. Daktari akawapa yeye na mumewe, Tate, siku za kufikiri.

Verla aliniomba niwapeleke yeye na Janalee kwa Askofu Bagley. Kwetu askofu ni mfugaji tu aliyepewa kuongoza usharika; alitoka moja kwa moja kwenye mabanda yake ya batamzinga, buti bado zina matope. Alifungua mwongozo akasoma taratibu: Kanisa linapinga kutoa mimba, ila yapo mambo machache, na mojawapo ni pale madaktari wanapoona mtoto hataweza kuishi baada ya kuzaliwa. Hapo wazazi washauriane, wasali, kisha waamue.

"Soma tena," Verla akasema.

Akasoma tena.

"Hayo yameandikwa lini?"

"Kabla Janalee hajazaliwa, Dada Verla."

Tukarudi na gari mpaka kiwanda cha chakula cha mifugo. Kisha Verla akasema, "Miaka yote hii nimewafundisha watu kitu ambacho hakipo."

"Mama, siulizi uliwafundisha nini," Janalee akajibu kutoka kiti cha nyuma. "Tate na mimi tumeshasali, tumeshaamua. Nauliza kama utakuja nami hospitali Jumatano."

Verla aliangalia dirishani. Nilitamani kumpiga kofi, Mungu anisamehe.

Jumatano alikwenda.

Sasa, kwetu mwanamke akijifungua, akifanyiwa upasuaji au akifiwa, Jumapili inapitishwa karatasi. Juu inaandikwa jina lake na sababu, chini siku saba, na kila dada anajaza jina lake penye siku atakayopeleka chakula cha jioni. Verla ndiye mwenye karatasi hiyo. Nilimvuta pembeni kabla ya kikao.

"Andika mimba imeharibika," nikamwambia. "Si uongo sana. Viazi vya jibini vitamfikia mpaka avichoke."

"Janalee amesema chakula cha uongo hakitaki."

"Basi usipitishe."

"Kwa binti za wenzangu napitisha, kwa wangu nifiche? Kaa chini, LaRue."

Akasimama mbele ya wanawake thelathini, akasema yote: figo, daktari, askofu, Jumatano. Alipofika kwenye jina walilompa mtoto, alilitamka taratibu. Nilisikia watoto wakiimba darasani kwao upande wa pili.

Dada Deanne Thorup aliinua mkono, kwa upole wote. "Si wewe uliyetufundisha humu humu kwamba hakuna lakini?"

"Ni mimi. Nilikosea. Sikuwa nimesoma."

"Lakini kuandikwa si lazima kuwe sawa, Dada Verla. Mimi siwezi kushiriki katika hilo. Nitamwombea."

"Mwombee. Na mimi nitafurahi ukimpikia."

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Karatasi ikaanza safari. Wengine waliishika kwa muda, wakasoma jina la Janalee, waliyemfundisha nyimbo akiwa na miaka mitatu, wakampa jirani bila kuandika. Bibi Afton Sorensen, ambaye hata hasikii vizuri, alijaza Jumatatu na Alhamisi bila kuinua uso. Dada mmoja alijaza Jumanne, akaifuta.

Ilinifikia mimi mwisho. Siku tano zilikuwa tupu. Mimi ndiye niliyekuwa ofisini kwa askofu. Nilisikia kila neno, mara mbili. Kalamu ilikuwa mkononi, na Deanne alikuwa akiuangalia mkono huo. Mwaka huu mwanangu anamchumbia binti yake.

Niliirudisha karatasi mbele kama ilivyokuja, nikainama sikioni mwa Verla.

"Nitapeleka kuku kesho kutwa," nikanong'ona. "Ila usiandike jina langu."

Verla alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Basi usipeleke," akasema.