Mlango wa Kubofya

Kitabu changu cha kwanza kinachoitikia kuguswa nilikitengenezea Ilomba, Mbeya, katika chumba chenye dirisha linalotazama migomba ya jirani. Nilikuwa nimezoea kuandika hadithi za kusomwa kimya. Sasa nilitaka ukurasa ambao ukibofya wingu, mvua inanyesha. Ukibofya jiko, moshi unapanda. Programu niliipakua bure, nikajifunza kwa kukosea. Siku ya kwanza nilibofya mbuzi, akawika. Wenzangu wa kundi letu la waandishi walipokuja kutazama, mmoja akasema nimeacha riwaya nimeanza ufugaji. Nilicheka nao, lakini kompyuta sikuifunga.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya bibi yangu, mama yake mama, anayeishi Iringa. Alikuwa amenisimulia nusu tu kwa simu: binti anafika kwenye nyumba ya ugenini, basi. Nusu ya pili alinizuilia. Alisema aione kwanza hiyo aliyonipa ndani ya mashine; ikimpendeza atamalizia, isipompendeza nikaitafute kwingine. Kwingine hakukuwepo. Hadithi ile anayo yeye peke yake.

Nikasafiri na kompyuta mapajani. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, jua la asubuhi likiwa bado halijaushinda ubaridi. Nikaiweka kompyuta juu ya kigoda, nikamwonyesha pa kugusa kwenye kioo. Mvua ya kwenye kioo iliponyesha, akavuta kitenge mabegani, nami nikafurahi kimoyomoyo. Kisha ikaja picha ya nyumba. Nikamwambia aguse mlango.

Akagusa. Mlango ukafunguka wazi, mpaka kitanda cha watu kikaonekana. Bibi akarudisha mkono kama aliyegusa chungu cha moto.

“Mume wangu,” akasema, maana ndivyo anavyonitania tangu utotoni, “umenifanya mwizi. Nimeingia kwa watu bila hodi.”

Nilijaribu kumweleza kwamba mlango ule ni picha tu, nyumba haina watu. Akaniuliza, kama haina watu, binti wa hadithi kafuata nini huko? Akarudia mahindi yake.

Nikamwomba anipe sauti yake ya kubisha hodi, niirekodi kwa simu. Akapiga hodi kwenye simu yangu, akajiitikia mwenyewe, akasalimu kamwene, akaulizia watoto, ng'ombe, mvua na mashamba, kama salamu za Kihehe zinavyotaka. Nikapanga sauti itangulie, mlango usisogee mpaka salamu ziishe. Mara ya kwanza nilikosea, mlango ukafunguka salamu zikiwa bado kwenye ng'ombe. Nikarekebisha.

Akagusa tena. Tukasikiliza salamu zote, ndefu kuliko ukurasa wenyewe. Msomaji mwenye haraka huenda akachoka hapo, niliwaza, na achoke. Mwishowe “karibu” ikasikika, mlango ukafunguka taratibu. Bibi akafuta kioo kwa upindo wa kitenge, maana vidole vyake vilikuwa na vumbi la mahindi.

“Sasa kaingia vizuri,” akasema. “Haya, washa simu yako. Ndani ya nyumba ile alikuwamo mwanamke mmoja asiyejua kulala.”