Anayesitasita kati ya chuo cha karibu na cha mbali

Trei ya tatu inaingia kabla ya ile ya pili kukauka. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa anaipokea dirishani, anahesabu mikasi na koleo, anavitumbukiza kwenye maji ya dawa. Anavua glavu, anachungulia simu, anavaa glavu nyingine. Ni mara ya sita tangu asubuhi.

Leo ni Ijumaa. Saa kumi na moja jioni maombi ya vyuo vya udaktari yanafungwa, naye bado hajajaza chaguo la kwanza.

“Nikijaza hiki nakifuta, nikijaza kile nakifuta vilevile,” anasema. “Wiki nzima usingizi umenipiga chenga.”

Kwa miaka minane ametakasa vifaa vya upasuaji katika hospitali hii. Madaktari humwita Daktari Mikasi, na utani huo ulimwingia. Alianguka kemia mara mbili, akasoma wakati wa mapumziko, kitabu juu ya boksi la glavu. Mara ya tatu akafaulu.

Chuo kimoja kiko ng'ambo ya barabara, lakini alama za mwanamke huyu zinafikia kwa shida kiwango kinachotakiwa huko. Kingine ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Hicho kimetenga nafasi kwa waliokwisha kufanya kazi hospitalini.

Kinachomzuia ni mama yake, ambaye husafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa. Binti ndiye humleta hapa hospitalini na kumrudisha.

“Wenzangu wananiambia jaza cha mbali. Kwao ni rahisi kusema, si mama yao.”

Saa saba mchana anashuka hadi chumba cha mashine. Mama yuko kitini, mirija mkononi. Binti anamwambia amekata shauri: atajaza cha karibu.

“Umekipenda, au umenionea huruma?” mama anauliza.

Binti anaweka sawa mto wa mama.

“Nimeshaongea na dada yako. Jumanne atanileta yeye, Ijumaa mumewe. Tulipanga tangu mwezi jana.”

“Mbona hamkuniambia, mama?”

“Ungekubali?”

Anakiri kwamba maneno hayo yalimuuma kabla ya kumpa nafuu. “Nilijiona kama nimeachishwa kazi.”

Hapohapo, akiwa amesimama, anajaza cha mbali na kutuma. Mama anaomba asomewe jina la chuo mara mbili, ili asilikosee majirani wakimuuliza.

Majibu yatatoka baada ya wiki sita. Akikosa, ataomba tena mwakani, hukohuko. Akipata, anataka kusomea upasuaji.

Lakini mama bado hajamtoka akilini. Kesho, anasema, ataanza kumfundisha dada yake kupima maji ya kunywa ya mama, kikombe kwa kikombe, maana mgonjwa wa figo hatakiwi kunywa mengi.

“Mama ni mjanja. Atamwambia hajanywa chochote, na dada atamwamini.”