Mtiki Unaokataa Rangi

“Mama Jastin, huo ubao unaumwa? Mbona unaupangusa kama mtoto mwenye homa?”

Seleina, muuza maziwa wa jirani, aliuliza hivyo wiki iliyopita. Ida, ndiye Mama Jastin, hakucheka.

Leo asubuhi, katika kibanda chake kando ya barabara kuu ya Iringa hapa Mikumi, Ida hawezi kukaa. Anainuka, anainama, ananusa rangi, anarudi kwenye kigoda. Anainuka tena.

Ida ni fundi rangi. Amezoea bodi za malori yanayolala hapa. Anachokizunguka sasa ni kisanduku cha mbao ya mtiki, kitako cha darubini anayojitengenezea Mwalimu Lazaro wa Kilosa, ili wanafunzi wake wauone mwezi kwa karibu. Kisipopakwa rangi kitavuta umande, kivimbe, na darubini ikwame.

Mara ya kwanza alikifuta kwa mafuta ya taa, kama anavyotoa grisi kwenye bodi. Akapaka. Rangi ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha.

“Mtiki una mafuta yake ndani,” anamwambia Seleina, aliyepita na maziwa yake. “Mimi nikauongezea mengine. Nilikuwa naulisha.”

Mwalimu alipokiona alisema tu, “Morogoro mafundi wapo.” Tangu hapo Ida hana raha. Maneno ya namna hiyo yakiwafikia madereva, nao watampita.

Safari hii alikwangua yote, akapiga msasa, akafuta kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akabadilisha vitambaa mpaka kimoja kikabaki cheupe. Hapohapo akapaka praima nyepesi, rangi ya kwanza ya kushikia, mafuta yasipate nafasi ya kupanda tena. Rangi ilifuata praima ilipokauka.

“Kaa basi, unanizungusha kichwa,” Seleina anamwambia. “Hata ng’ombe anayezaa hasumbuki hivyo.”

“Ng’ombe wako hapelekwi kwa fundi wa Morogoro.”

Anachoomba kwa Mungu ni mwalimu amwachie na mbao za ubavu wa darubini azipake. “Nimepaka vitu vya kwenda Tunduma mpaka Songea,” anasema. “Cha kutazamia mwezi bado. Nikimaliza, nitamwomba na mimi nichungulie.”

Mwalimu anaingia, gunia la mbao za ubavu kwapani.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba.”

Anainama, anakwaruza pembe ya kisanduku kwa ukucha, kwa nguvu. Anautazama ukucha. Ni safi.

“Umefutia nini?”

“Tina. Mafuta ya taa nimeyarudisha jikoni.”

Mwalimu anakinyanyua kisanduku. Gunia analilaza juu ya benchi ya Ida, anatoka na kisanduku.